Mbwa Aliyekuwa Akiangaliwa

Kazi yangu ni kukaa kwenye nyumba za watu wakiwa wamesafiri. Nalisha paka, namwagilia maua, natembeza mbwa, nafungua madirisha asubuhi ili wapita njia wajue kuna mtu ndani. Mwaka jana, darasa la jioni la kusoma na kuandika liliponifungua macho, nilikata bima. Wakala aliniambia, "Dada yangu, ukiharibu kitu cha watu, sisi tupo. Wewe lala usingizi."

Jumatatu nikaharibu.

Mwalimu mstaafu alikuwa amekwenda kumwona mjukuu wake mpya, akaniachia funguo na mbwa wake mkongwe aitwaye Mzee. Mwanangu alilia chumbani, nikapanda mbio, nikasahau kufunga kigeti cha ngazi. Mzee akanifuata, akateleza, akashuka ngazi zote kwa ubavu. Mguu wa nyuma ukavunjika mara mbili. Kosa ni langu, sikatai. Daktari wa wanyama hakunizungusha: apasuliwe leo, la sivyo mguu hautaunga, na kwa umri wake kitakachobaki ni sindano ya kumlaza moja kwa moja. Ila hashiki kisu bila barua ya bima.

Saa nne nilikuwa mbele ya wakala, mtoto mgongoni.

"Mzee amevunjika mguu," nikamwambia.

"Pole sana. Baba mzazi au baba mkwe? Bima ya afya ni dirisha la pili."

"Mzee ni mbwa."

Akacheka. Alipoona nimemkazia macho akafungua faili, akapitisha kidole kwenye karatasi, kikasimama.

"Kifungu cha tisa. Hatulipii mali wala mnyama aliye chini ya uangalizi wa mwenye bima. Ungemuumiza mbwa wa jirani, tungelipa. Huyu ulikuwa unamwangalia."

"Kwa hiyo nitoke nikavunje mbwa nisiowajua?"

"Usilichukulie hivyo, mama. Mkataba ulisaini mwenyewe. Ungesoma."

Masikio yakaniwaka moto. Nilisoma. Nilisoma na kamusi pembeni, mtoto akininyonya, na kifungu cha tisa nilikipigia mstari nikamuuliza yeye huyuhuyu. Akanijibu hayo ni maneno ya wanasheria, hayanihusu.

"Kwenye fomu yangu, hapa penye kazi, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Isome."

Akakohoa kidogo. "Mwangalizi wa nyumba na wanyama."

Mtoto alikwishaanza kunivuta nywele. Nikawa namtikisa taratibu kwa kiuno asilie, huku mdomoni maneno yanatoka kama misumari. "Sasa niandikie sababu ya kunikataa. Kwa mkono wako, na mhuri."

Aliandika kwa haraka ya mtu anayetaka uondoke. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa hapokei sentensi ya mtu mpaka aisome kwa sauti. Basi nikaligeukia benchi la wanaosubiri, nikasoma: "Madai yamekataliwa kwa sababu mbwa alikuwa akiangaliwa na mwangalizi."

Baba mmoja mwenye bahasha kubwa akauliza, "Kwani mlitaka aangaliwe na nani, fundi bomba?"

Benchi zima likacheka. Binti mmoja tu hakucheka. Alikuwa anapekua mkoba. "Na mimi aliniuzia huyuhuyu," akasema. "Mimi nalea watoto wa watu nyumbani kwangu."

Hapo ndipo meneja akatoka ofisini. "Mama, nipe hiyo karatasi tukazungumze ndani."

"Tuzungumzie hapahapa. Karatasi nimeishika vizuri tu."

Akasoma juu ya bega langu. Akasoma fomu. Akamtazama wakala, naye wakala akatazama mashine ya kuchapia. Haikupita robo saa, barua ya kumpelekea daktari ikatoka, ina sahihi, bado ina joto. Ikafuata karatasi nyingine ya kusaini: "Nimepokea barua na nimeridhika na huduma."

Nikaomba kalamu. Nikakata "nimeridhika" na yote yaliyolifuata, nikasaini.

"Mfumo hautapokea hivyo," meneja akasema.

"Uambie mfumo ndivyo nilivyo."

Sikumshukuru mtu. Nikashika njia ya kwa daktari karibu nakimbia, mwanangu ananicheka shingoni kana kwamba tunacheza. Nyuma yangu nikasikia viatu. Ni yule binti, mkataba mkononi. "Dada, nisomee na mimi. Hizi herufi ndogo zinanishinda."

Mzee akaingizwa ndani akiwa amelala. Sisi tukakaa kwenye benchi nje ya mlango, mwanangu mapajani, tukasoma kifungu kwa kifungu, kidole changu na chake kwenye mstari mmoja. Tulipofika cha tisa, alinishika mkono.

Cha kwake hakikuandikwa mnyama. Kiliandikwa mtoto.