Bonyeza Mbili

Mimi simu ile sikuipenda tangu mwanzo, wala sifichi. Kliniki yetu ya hapa Bofu ilipoleta huo mpango mpya, kila mzazi aliyetoka kujifungua alitakiwa aache nambari, apigiwe kila asubuhi mpaka arobaini yake itimie. Nasreen, mkaza mwanangu, simu yake ilikuwa imekufa, basi ikaandikwa yangu.

"Sauti itakuuliza, mama," muuguzi Agneta alinieleza taratibu, kana kwamba anifundisha kula. "Mzazi akiwa hajambo, bonyeza moja. Akiwa na lolote, hata kichwa, bonyeza mbili. Tutakuja."

Nikacheka. Watakuja! Hospitali gani iliyowahi kumfuata mtu nyumbani kwake Bofu? Sisi tumezoea kupanga foleni tangu alfajiri, kisha tuambiwe dawa hakuna.

Siku tano nilibonyeza moja. Ya sita Nasreen akaamka amejishika kipaji cha uso.

"Mama, kichwa chanipasuka. Na machoni naona vimulimuli."

"Ni usingizi huo. Mtoto hakukupa kulala."

Simu ikalia. Ile sauti ya kike ikauliza mzazi anaendeleaje. Wallahi nilimtazama Nasreen pale kitandani, na bado nikabonyeza moja. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu njema kwanza, hata akiwa anaugua. Na mzazi aliye ndani ya arobaini hatangazwi kwa mtu asiyemjua, seuze mashine. Jicho la watu ni baya. Mamangu alinilea hivyo, nami nikaona namsitiri mtoto wa watu.

"Umewaambia?" akaniuliza.

"Nimewaambia hujambo, alhamdulillahi. Na utakuwa hujambo, inshallah."

Hakubisha. Nasreen hakuwa mtu wa kubisha; nikimwita huitika abee hata akiwa ananyonyesha. Nikamkanda kichwa, nikampikia uji wa pilipili manga. Adhuhuri akaanza kutetemeka mwili mzima, meno yamekazana. Mume wake, mwanangu Mansur, alikuwa kazini bandarini. Jirani alipopata tuktuk ya kutupeleka hospitali kubwa, Nasreen alikuwa ameshanyamaza. Daktari wa huko alisema ni presha, kwamba huwapata wazazi hata baada ya kujifungua, na kwamba ingetibika.

Siku ya tatu, hitma ya Nasreen imekwisha na watu wametawanyika, nikaiwasha simu niliyoizima tangu msiba; ikalia saa ile ile. Kliniki hakuna aliyewapa habari. Mzazi anaendeleaje? Nilikuwa ndio kwanza nimejimiminia chai. Nikabonyeza mbili.

Niseme kweli: nilitaka wasije. Nilimuomba Mungu wawe waongo kama wote niliowajua, ili nijiambie kwamba hata ningebonyeza siku ile, ingekuwa vile vile. Nilitaka angalau nilale.

Haukupita muda, Agneta akapiga mwenyewe. "Mama, mzazi ana nini? Tuko njiani."

Nikakata simu. Nikakaa pale pale mkekani, mjukuu pajani, nikisikiliza njia.

Gari likaingia uchochoroni. Agneta akashuka mbio na mkoba wake, mchanga umemjaa viatuni.

"Yuko wapi, mama?"

"Tumemzika juzi," nikamwambia.

Akasimama mlangoni na mkoba wake. Mimi nilishika kikombe, nipate pa kuweka mikono. Chai ilikuwa bado ya moto.