Chupa ya Maabara

Mimi ni mtu wa usafi na sitaomba radhi kwa hilo. Sikumaliza mwezi katika nyumba hii majirani wakaanza kuniita Mama Sabuni, na jina likanikaa. Kwa hiyo mwanangu alipoharisha siku tatu mfululizo, sikujishuku mimi wala jiko langu. Nilikishuku kisima.

Kisima kiko nyuma ya jiko, kimefunikwa zege na kina pampu ya mkono. Alikichimba marehemu baba mkwe kwa sururu, na mama mkwe ndiye aliyekuwa juu akivuta ndoo za udongo. Kila asubuhi alimwogesha mjukuu wake kwa maji hayo na kumnywesha hivyohivyo, maana kwake kuyachemsha ni kuyatukana. Tulishagombana kwa ajili hiyo, kimyakimya, kwa kugongesha masufuria.

Mtoto alipona. Muuguzi alisema watoto wengi waliharisha wiki ile, ila tupime maji tuwe na uhakika. Maabara wakatupa chupa ndogo na karatasi ya maelekezo. Nikaijaza, nikaipeleka. Jumamosi mume wangu akarudi na majibu, akayasoma mbele ya mama yake: maji yana vijidudu vya kinyesi.

Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto. Akamnyanyua, akaninyooshea.

"Mchukue, mwanangu," akasema.

Tangu hapo hakumgusa tena. Mtoto akimfuata na kumshika gauni, yeye anajitia ana kazi uani. Ijumaa nikamkuta anapanga nguo zake kwenye begi, anataka kuhamia kwa wifi yangu.

"Nimemnywesha mjukuu wangu uchafu kwa mkono huu," aliniambia. "Nibaki hapa nifanye nini?"

Mume wangu naye alishazungumza na fundi aje Jumatatu mchana kukijaza kisima kifusi. Na mimi? Nilimwonea huruma mama wa watu, sikatai. Lakini moyoni nilikuwa na kijifuraha cha mtu aliyesema mapema asisikilizwe. Mungu anisamehe.

Kesho yake akaja mpimaji wa maji kutoka maabara, mwanamke mwembamba aliyebeba sanduku la barafu. Kumbe jibu likiwa baya hurudia kipimo. Alikizunguka kisima, akakagua zege, hakuona ufa. Akauliza choo kiko wapi, nikamwonyesha, mbali kule chini ya mteremko. Akakunja uso.

"Dada, ile chupa ya kwanza nani aliijaza?"

"Mimi."

"Uliijazaje?"

Nikamweleza kwa madaha. Kwanza niliiosha kwa sabuni, mara mbili, maana chupa ya watu huwezi kujua imepita wapi. Halafu nikaifuta ndani na nje kwa kitambaa cha jikoni mpaka ikang'aa. Ndipo nikatia maji.

"Karatasi uliisoma?"

"Nisome karatasi ili nijue kuosha chupa?"

"Imeandikwa usiioshe," akasema taratibu. "Ile ilishatakaswa kwa mvuke. Na kitambaa cha jikoni, dada yangu, mara nyingi ndicho kichafu kuliko vyote nyumbani. Maji yenu bado siyajui. Ila huenda tulipima kitambaa chako."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Sabuni mzima! Wahenga walisema nyani haoni kundule, nami nililitumia neno hilo kwa wengine miaka yote.

Mpimaji aliupangusa mdomo wa pampu kwa spiriti, akauunguza kwa moto, akapampu dakika tano nzima. Akajaza chupa mpya bila kidole kugusa mdomo wake, akaichomeka kwenye barafu. Majibu Jumatatu asubuhi, kwa simu.

Nilimsihi mama mkwe asiondoke kabla ya Jumatatu. Sababu sikumwambia. Niliogopa, basi. Siku mbili hizo nilikula bila kujua ninachokula, nikiomba maji yawe safi, na huku nikijua yakiwa safi itanibidi niseme.

Simu iliita nikiwa jikoni.

"Maji yenu ni safi," akasema mpimaji. "Hatukuona kijidudu hata kimoja."

Nilikaa palepale sakafuni, nikamshukuru Mungu. Kisha nikapiga moyo konde, nikaenda chumbani kwa mama mkwe. Alikuwa ameketi kitandani, begi limefungwa.

"Mama, maji hayana kitu. Si wewe, ni mimi. Niliifuta ile chupa kwa kitambaa changu cha jikoni. Nimelijua hilo tangu juzi, nikanyamaza."

Nilisubiri anifokee, na kwa kweli ilikuwa haki yake.

"Kwa hiyo mzee wangu alichimba vizuri," akasema.

"Alichimba vizuri, mama."

"Mpigie mumeo amzuie fundi. Na wewe kitambaa chako ukichemshe, maana unapenda sana kuchemsha."

Nikacheka huku machozi yananitoka. Yeye hakucheka. Akahesabu kitu kwa vidole vyake.

"Siku tisa sijamshika," akasema. "Niletee mtoto."

Nikamletea. Alimpokea kwa mikono miwili, akauficha uso wake tumboni mwa mtoto, na mtoto akamshika masikio yote mawili asimwachie.