Namba za Ukutani

Jamani, ngoja niwasimulie nilivyojiaibisha mbele ya mama yangu mzazi.

Mama ni fundi kwenye karakana ya sare za shule, mwaka wa kumi na tisa huu, na mimi nashona vifungo meza ya pembeni yake. Vipimo vya kila oda vinaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ukutani. Kila asubuhi mama ananiambia, "Hebu soma kwa sauti, mwanangu, nione kama ile ada yangu haikupotea bure." Nasoma, wenzetu wanacheka, mama anakata. Akishasikia namba, haisahau.

Basi, mkuu wa wakataji akastaafu. Bosi akatangaza mtihani: kesho saa tatu asubuhi, kila mtu kwenye meza yake, akate suruali kwa vipimo vya ubaoni, bila kusaidiwa. Mama aliitaka sana kazi hiyo. Ameshafundisha watu wawili, wakapanda kuwa wakuu, yeye akabaki pale pale. Lakini jioni ile nyumbani hakula. Anazungusha kijiko tu.

Mimi nikajua. Yaani nilijua tangu utotoni, nikanyamaza kwa adabu: mama hajui kusoma. Nikafungua simu, nikaandika moja mpaka kumi, nikamsogelea taratibu kama mtu anayemvizia kuku.

"Mama, usione haya. Hii ni tano. Ina kitumbo."

Akaniangalia. Akaangalia simu. Akacheka mpaka akashika ukuta! Halafu akainyakua, akaileta karibu na pua, akaanza kusoma meseji zangu moja baada ya nyingine.

"Na huyu anayekuita asali ni nani?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Kusoma najua, we mtoto. Ule ubao ndio siuoni. Naona ukungu mweupe tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nijijue. Nilidhani kila mtu anaona hivyo, ila wenzangu wana akili."

Nikampigia mama mdogo, nikaweka spika. Yeye ni muuguzi. Amepishana na mama mwaka mmoja tu, na shule walianza siku moja, darasa moja. Nilipomweleza, akamgeukia mama moja kwa moja.

"Dada," akasema, "unakumbuka mwalimu alivyotupanga kwa urefu? Mimi kibeti mbele, we mlingoti nyuma kabisa."

"Nakumbuka. Nikinakili vibaya, fimbo."

"Na mimi nikifika nyumbani nasema dada mvivu. Mama akaninunulia kitabu mimi, kwa sababu nafaulu. Nikasoma, nikazidi kufaulu, nikapelekwa sekondari. We ukaacha darasa la tano." Akaanza kulia. "Dada, kumbe hata hukuwa unaona?"

"Usilie, bwana. Mtoto ungejuaje?"

"Wiki ijayo nakupeleka mwenyewe kwa daktari wa macho."

"Mtihani ni kesho, mdogo wangu."

Asubuhi sisi wa vifungo tukatolewa nje. Nikajibanza dirishani. Ndani walibaki wanne, mmojawao kijana mwenye cheti cha chuo cha ushonaji, shati limenyooka kama karatasi, tunamwita Mheshimiwa. Bosi akaandika namba. Wengine watatu wakaanza kuchora. Mama kashika chaki, hachori. Nikasema moyoni, kwisha habari yetu.

Mara akanyoosha mkono.

"Bosi, sioni ubaoni. Naomba nisogee."

Mheshimiwa akaficha kicheko kwa kikohozi. Bosi akakuna shingo. "Miaka yote hiyo ulikuwa unaonaje?"

"Nilikuwa nasikia."

"Sogea, mama."

Akaenda, pua inagusa ubao, akarudi, akakata. Mkasi unateleza tu! Bosi alipopanga vipande mezani, vya mama vilikutana sawasawa. Vya Mheshimiwa vilipishana kiunoni.

Bosi akatoka kuipigia simu ofisi kuu. Tulimsikia akibishana huko kwenye korido. Aliporudi, hakumtazama mama usoni.

"Umewashinda wote. Lakini ofisi kuu wanasema mkuu lazima awe na cheti."

Kazi akapewa Mheshimiwa. Mimi nusura niingie kwa dirisha nikamng'ate mtu! Mama alikunja vipande vyake polepole, macho yamejaa machozi.

Mheshimiwa naye hakushangilia. Akaja mezani kwa mama, kainama. "Mama, samahani. Kiuno unafanyaje kisipishane?"

Mama akapangusa uso kwa kitambaa. "Nitakuonyesha. Na wewe nitajie namba ya simu ya chuo chako."

Akaitaja. Niliingia mbio, nikabonyeza, nikampa mama. Upande wa pili akapokea dada mmoja mchangamfu.

"Karibu. Huyo mwanafunzi ana umri gani?"

"Arobaini na nne," mama akasema, na karakana nzima ikasikia. "Mwanafunzi ni mimi. Niandikishe tafadhali. Miwani napata wiki ijayo."