Ulimi wa Kitufe cha Sita

Fundi saa alikuwa mtu wa vipimo. Ukimpelekea saa ukasema inachelewa, hakukuamini wewe wala saa. Aliitundika msumarini siku tatu, akaandika dakika zake kwenye kadi, ndipo akafungua kinywa. Watu walimwona mgumu, lakini hakuna aliyepeleka saa kwingine.

Kwa hiyo mjane wa Kisigino alipokubali kwamba shule ipewe kodiani ya marehemu mumewe, na fundi saa, rafiki wa marehemu, akajitolea kuitengeneza kwanza, hakuna aliyeona ajabu. Kisigino alikuwa fundi viatu. Miaka thelathini alishona na kugonga soli katika kibanda kinachotazama lango la shule, na kila mapumziko alifuta gundi vidoleni, akakivuta kinanda hicho cha mvukuto, wanafunzi wakamzunguka. Jina walimpa wao, kwa kuwa alimtambua mtu kwa jinsi kisigino cha kiatu chake kilivyolika, si kwa sura. Miezi minne iliyopita moyo wake ulisimama akiwa na kiatu cha mteja mapajani.

Jambo moja halikuwamo kwenye kadi yoyote. Kitufe cha sita cha kodiani hiyo, mvukuto ukisukumwa, kililia vizuri. Ukivutwa, kilitoa hewa tupu. Kila sauti ya kodiani hutoka kwenye ulimi mwembamba wa chuma unaotikiswa na hewa, na ulimi wa sauti ile haukuwapo. Miaka kumi na moja nyuma Kisigino aliileta itolewe vumbi. Fundi saa aliifungua, bisibisi ikateleza, ulimi ukakatika kama kucha. Mwenyewe alipokuja jioni kuichukua, aliambiwa: "Ulimi mmoja umevunjika."

Umevunjika. Neno hilo halikuwa na uongo. Ulimi ulikuwa umevunjika kweli, na chuma huvunjika. Lilichoacha kusema ni nani aliyeuvunja. Kisigino alicheka, akasema hata yeye ana meno mawili yaliyoondoka bila kuaga. Tangu hapo, kila wimbo ulipofika kwenye sauti ile alipiga mguu chini badala yake, na wanafunzi wakapiga naye wakidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Fundi saa, dukani kwake mtaa wa pili, aliisikia miguu hiyo kila mapumziko. Mwanzoni aliahidi kutafuta ulimi mwingine. Baadaye hata kuahidi akaacha.

Sasa aliuchonga mwenyewe, kutoka springi ya saa ya ukutani. Ulimi ukikwanguliwa nchani, sauti hupanda. Ukikwanguliwa shinani, hushuka. Aliazima uma wa chuma wa kupimia sauti, akakwangua, akalinganisha, akakwangua tena, wiki mbili nzima, mpaka mlio wa uma na mlio wa ulimi ukawa mmoja. Hakuwahi kufanya kazi safi kuliko hiyo. Alijiambia kwamba shule itapata kodiani nzima, na kitu kizima hakiulizwi maswali.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza mbili, kabati la faili lisilofungika, na ratiba ukutani iliyofutwafutwa hadi karatasi ikatoboka. Mjane alikuwa amefika kabla ya fundi saa, amekaa wima, mkoba mapajani. Mezani kulikuwa na kibati cha shaba kilichochongwa jina la marehemu, na chini yake: zawadi ya mkewe na rafiki yake. Maneno hayo aliyachagua yeye mjane.

Mwalimu wa muziki, kijana aliyevujiwa na kalamu mfukoni mwa shati, aliipakata kodiani, akapanda sauti moja baada ya nyingine taratibu. Kwenye kitufe cha sita akasita. Akarudi nyuma, akapanda upya. Sauti ile ilichomoza kati ya wenzake kama mtu aliyevaa suti kwenye foleni ya maji.

Alisema kwa adabu kwamba iko juu. Fundi saa akamjibu kwamba haiko juu, ameipima. Kijana akatoa simu, akazipima sauti zote, ya kwanza hadi ya mwisho.

"Kweli, mzee wangu, iliyo sawa ni hii peke yake," alisema. "Hizi nyingine zimezeeka pamoja, zikashuka pamoja. Wewe umewaletea mgeni anayesema ukweli."

Mwalimu mkuu, ambaye hakujua muziki ila alijua fomu, aliuliza basi aandike nini kwenye hali ya kifaa. Kijana, aliyekwisha kusikia habari ya ulimi kutoka kwa mjane, akamtajia polepole: ulimi mmoja ulivunjika, umewekwa mpya. Kalamu ilikwisha kuanza kutembea. Fundi saa angeweza kuiacha itembee. Macho yake yalikuwa kwenye kibati, kwenye neno rafiki.

"Andika ulivunjwa," alisema.

Mwalimu mkuu akainua uso. "Ulivunjwa na nani?"

"Na mimi. Bisibisi iliteleza. Yeye nilimwambia umevunjika."

Mjane akamgeukia.

"Shemeji, miaka kumi na moja unakula mezani kwangu."

"Ndiyo."

"Nilimwambia anunue nyingine, akakataa. Nikamwita bahili mbele ya wanangu."

 Fundi saa alisema kwamba tupa ya kusugulia chuma anayo, na maneno ya mwisho ya kibati yanaweza kufutwa sasa hivi, ikabaki zawadi ya mkewe. Mjane alikivuta kibati karibu, akakisoma kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine.

"Yaache," alisema. "Siku ile moja naweza kuimeza. Zinazoniuma ni zile zilizofuata." Kisha: "Huo ulimi unaweza kushuka?"

"Unaweza."

Ilimaanisha kuchukua sauti iliyo sawa na kuikosesha kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa saa ya mtu yeyote. Alichomoa pini za mvukuto, akauweka wazi ulimi, akaanza kukwangua shinani. Uma haukufaa tena, wala simu ya kijana, maana kila sauti ilikuwa imeshuka kwa kiasi chake. Lilihitajika sikio lililoizoea kodiani ile, na humo ofisini lilikuwa moja tu, la mjane. Lilikuwa limeisikia miaka thelathini kupitia ukuta wa jikoni.

Fundi saa alirudishia, akavuta.

"Bado," alisema mjane.

Akafungua tena, akakwangua, akarudishia.

"Bado. Umeniletea ya redioni."

Mara ya tatu alisema bado kidogo, akasogeza kiti. Nje kengele ililia, korido ikajaa miguu na kelele, mwalimu mkuu akainuka kufunga mlango. Fundi saa alikwangua mara mbili, kwa wepesi ambao angeutumia kwa saa ya kike, akarudishia, akavuta mvukuto wote mpaka mwisho. Sauti ilipita kati ya wenzake, na kijana wa muziki hakuinua hata kichwa. Fundi akasubiri aambiwe bado.

Mjane alikuwa anatazama mikono ya fundi yenye bisibisi.

"Funga sasa, shemeji," alisema, "kabla hujauvunja tena."