Hisa ya Kumi

Ukutani kwa baba mkwe wangu palikuwa na fremu tisa, na kila fremu ina mtoto wake. Si picha, la. Vyeti vya hisa. Kila mjukuu aliyezaliwa katika ukoo ule, kabla hata kitovu hakijakauka, babu yake alikuwa ameshapanda ngazi za ofisi ya dalali kumnunulia hisa moja ya kiwanda cha rangi, kiwanda kilekile alichochanganyia rangi miaka thelathini mpaka kifua kikachoka. Siku hizi hisa zenyewe zinakaa kwenye kompyuta, vyeti vile ni pambo tu, lakini hebu thubutu kumwambia mzee avitoe. Alikuwa akisema yeye aliingia kiwandani kwa mlango wa nyuma, wajukuu zake wataingia kwa mlango wa mbele na mlinzi atawapigia saluti. Hisa moja haimtajirishi mtu. Ila inampa haki ya kukaa kwenye mkutano wa mwaka na kunyoosha mkono kama wakubwa, na hilo ndilo alilolitaka.

Sasa mimi nina mtoto ambaye hakuwa ukutani. Niliolewa pale nikiwa na binti wa miaka minne, ambaye baba yake alifariki kabla yeye hajajua kutembea. Wenye midomo yao walimwita mtoto wa kufikia. Nikawaambia hakufika, nimemleta. Kwa wembamba wake na maneno yake yanayochoma nilimpa jina la Sindano, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, jina likakaa. Mume wangu alimpenda kama wake wa kumzaa, hapo sina la kusema. Lakini mzee, siku ile ya kwanza, alimfungulia mlango akasema, "Karibu, mgeni wangu," na tangu hapo hakumwita jina jingine.

Miaka minane, mgeni wangu. Kipande kizuri cha nyama, apewe mgeni wangu. Inukeni hapo, akae mgeni wangu. Kila mwaka mzee huupaka upya ukuta wa fremu, na siku hiyo wajukuu wote hugawiwa brashi na kugombana mpaka majirani wachungulie. Sindano yeye hukalishwa kwenye kochi na soda mkononi, eti mgeni hafanyi kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nikimwangalia mwanangu na soda yake inayoisha gesi, najiuliza jembe lake liko wapi. Na sikusema. Mimi ambaye wateja wananiogopa kwa mdomo wangu, mbele ya mkwe nilikuwa bubu.

Basi ikaja barua ya kiwanda. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa safarini, na macho ya mzee hayashiki tena herufi ndogo, kwa hiyo niliisoma mimi. Kiwanda kilikuwa kinaunganisha hisa zake: kumi za zamani zitakuwa moja mpya. Niliisoma mara mbili nikaelewa nusu. Mzee akachukua kofia yake, akasema twende kwa dalali.

Yule bwana hapendi kuitwa dalali. Ni wakala wa hisa, anavaa tai, lakini mzee humwita dalali kama vile anauza viwanja, naye amekata tamaa ya kumrekebisha. Ofisi yake iko juu ya duka la kutengeneza simu, na feni yake huzunguka kwa kulalamika. Alituagizia chai kwanza, kisha akatueleza. Hisa ikigawanywa, moja inazaa mbili, na watu hupigiana simu kwa furaha. Hii ni kinyume chake. Kila mtoto ana akaunti yake yenye hisa moja, kwa hiyo siku daftari la wanahisa likifungwa, kila mtoto atabaki na sehemu moja ya kumi ya hisa, na soko halina mahali pa kuweka kipande. Wakala hawezi kukihifadhi wala kukiuza peke yake. Vipande vya watu wote hukusanywa, vikafanywa hisa kamili, zikauzwa, kisha kila mtu akatumiwa kijipesa chake.

Mimi hapo nilielewa upesi. Ukikata magauni hubaki vipande vya kitambaa. Kimoja hakitoshi hata kola, basi unavijaza guniani na kumuuzia mtengeneza mito. Mzee yeye aliuliza swali moja tu, kama watoto bado wataruhusiwa kuingia mkutanoni. Wakala akaikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Akasema hapana, majina yao yatatoka kwenye daftari. Sijawahi kumwona baba mkwe wangu akiwa mdogo vile kwenye kiti.

Lakini yule bwana ana utu, na njia alikuwa nayo. Kumnunulia kila mtoto hisa nyingine tisa kungeila pensheni ya mzee mpaka mfupa, hilo likawekwa kando. Ila hisa za watoto zinaweza kuhamishiwa kwenye akaunti moja ya familia, mzee akiwa msimamizi na majina ya watoto yakiandikwa chini yake kama wenye mali, na kiti cha mkutanoni wakipokezana. Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema, na mzee akacheka kidogo. Taabu ni kwamba tisa si kumi. Tisa nazo ni kipande, kikubwa lakini kipande, na kitauzwa vilevile. Inatakiwa moja zaidi, tena inunuliwe kabla ya Alhamisi ili iwahi daftari kabla halijafungwa, maana ununuzi haufiki kwenye akaunti siku hiyohiyo. Akatania kwamba ada yake itaipita bei ya hisa yenyewe, kwa hiyo ameisamehe. Kisha akashika kalamu, akauliza kama mtu anayeuliza saa:

"Hiyo ya kumi niandike jina la nani? Mjukuu wa kumi yupo?"

Mimi nilikazia macho vidole vyangu. Jibu nilikuwa nalo ulimini, limekaa hapo miaka minane, lakini mtoto haombewi kuwa mjukuu. Nilitaka litoke kwa mzee mwenyewe. Mzee akavua kofia, akaivaa tena, akasema atarudi kesho.

Njia nzima sikumsemesha. Nilitembea nikamwacha nyuma, jambo ambalo mkwe mwenye adabu halifanyi, nikafika nyumbani nikaingia jikoni, na sufuria zikasema yale niliyoshindwa kuyasema. Yaani mzee huyu yuko tayari watoto tisa wapoteze haki yao kuliko kuandika jina la mwanangu! Mwishowe nikafuta mikono, nikapiga moyo konde, nikatoka.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa fremu.

"Baba," nikamwambia, "Sindano amekukosea nini?"

Niliyategemea mawili: akasirike, au ajifanye hajasikia, maana masikio yake huchagua. Badala yake akakaa, akanionyesha kiti nami nikae.

"Yule ana baba yake," akasema. "Kafa, lakini anaye. Nikajiuliza, mimi ni nani nimchukue mtoto wa marehemu nimtundike ukutani kama wangu? Nikimwita mjukuu, si nimemfuta aliyemzaa? Nikaona bora nimheshimu, awe mgeni. Mgeni hupewa kilicho bora."

Hasira niliyoilea miaka yote hiyo sikuiona ilipokwenda. Nikalia mbele ya mkwe wangu bila kujificha, kamasi na yote. Nikamwambia mtoto hataki kilicho bora, mtoto anataka kile wanachopata wenzake, hata kama ni kugombania brashi. Nikamwambia habari ya soda. Nikamwambia kwamba Sindano alipokuwa na miaka sita aliniuliza, "Mama, wageni huondoka lini?", na mimi nikamjibu uongo fulani ambao sasa hata siukumbuki.

Mzee akaivua kofia, akajifunika nayo uso. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nilimwachia nafasi, nikaenda kumchemshia maji ya chai, na safari hii sufuria nilizishika polepole.

Sindano aliporudi kutoka shule, mzee alimwita kwa jina lake. Mtoto akasimama mlangoni na begi mgongoni, uso umebadilika, akadhani kuna mtu kafa. Mzee akamkalisha karibu naye. Akamweleza habari yote ya kumi kuwa moja, kwa kirefu, kama anavyoelezwa mtu mzima, na kwamba hizi tisa bila ya kumi zitapotea zote. Akasema anamwomba yeye awe wa kumi, na kwamba akikataa hakuna atakayenuna, ni haki yake. Sindano aliutazama ukuta. Kisha akauliza lile ambalo mimi mama yake sikuwa na ujasiri wa kuliuliza.

"Jina la baba yangu itabidi nilitoe?"

"Ulitoe uliweke wapi?" mzee akasema. "Utaandikwa jina lako na la baba yako, kama yalivyo. Na yeye ataingia kwa mlango wa mbele."

Mwanangu akaitikia kwa kichwa. Halafu, kwa kuwa Sindano ni Sindano, akasema sawa, lakini wale tisa waambiwe aliyewaokoa ni nani. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Kesho yake tulikwenda watatu. Wakala aliandika majina tisa ya ukoo mmoja bila kunyanyua kalamu, alipofika la kumi akasita, akauliza kwa upole kama pengine hakusikia vizuri, maana jina la ukoo halifanani na mengine. Mzee akamwambia hajakosea, aandike hivyohivyo. Nilimwona yule bwana akimtazama mtoto, kisha mimi, kisha akaandika taratibu kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa mwanzo. Hisa ya kumi iliingia kabla daftari halijafungwa. Kumi zikawa moja, nzima, haina kipande.

Jumamosi mzee akashusha fremu zote tisa. Zikaacha ukutani miraba tisa ya rangi ya zamani, na fremu mpya ni moja tu, ina karatasi yenye majina kumi, kwa hiyo ukuta ulitaka kupakwa wote. Wajukuu wakaja, brashi zikatolewa, ugomvi ukaanza. Sindano, kwa mazoea, alikuwa ameshakaa kwenye kochi, na mmoja wa wenzake, kwa mazoea vilevile, alikuwa ameshampa soda. Mimi nilikuwa mlangoni. Mzee akavuka chumba, akamnyang'anya chupa, akaimaliza yote yeye mwenyewe, akamwekea brashi mkononi.

"Siku ya tatu imefika, mjukuu wangu," akamwambia. "Shika jembe."

Alipaka vibaya, nisimsifie kwa kuwa ni wangu. Alidondosha rangi sakafuni, akaipeleka mpaka kwenye kochi, na mzee akamgombeza kwa sauti ileile anayowagombezea wengine, kwamba hana macho na kwamba rangi hainunuliwi kwa majani. Sindano akanigeukia, uso mzima umejaa rangi, anacheka. Katika maisha yangu sijawahi kusikia mtoto wangu akigombezwa nikafurahi vile.