Sita na Nusu

"Na mimi nakwambia taa haizimwi," Fundi Friji alikuwa akisema kwa mara ya tatu, bisibisi mkononi. "Nikiizima hiyo, kesho wateja watakwenda kudai friji zao kwa wezi."

Bi Cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakubanduka mlangoni mwa karakana. Hakuwa mgomvi. Mtaa mzima ulimjua kwa upole wake na kwa mishono iliyonyooka kama msafara wa sisimizi. Lakini tangu taa ile ifungwe juu ya karakana, ikawa inamwaga weupe wake mpaka kwenye paa lake, mbingu ya upande ule ilikuwa imekwisha. Alitaka nusu saa tu ya giza, na leo tu. Alishaomba kwa adabu, akaomba kwa ukali, na sasa alikuwa ameishiwa namna za kuomba.

"Giza la nini, shemeji?" Fundi akauliza. "Mwenye kutazama nyota alikuwa Mwalimu, na Mwalimu tumemzika wote."

"Ndiye anayeuliza."

Fundi akaishusha bisibisi. Hata mke wa Fundi, ambaye mtaa ulimpa jina la Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia, alitoka uani akasimama kimya. Ndiye aliyeeneza habari kwamba mjane wa Mwalimu anaongea peke yake, kwamba ikifika saa mbili usiku husikika akitaja namba ndani ya nyumba tupu. Lisemwalo lipo. Sasa lilikuwa limesimama mbele yake limevaa malapa.

Basi Bi Cherehani akayatoa yote, palepale mlangoni.

Marehemu mumewe alifundisha fizikia miaka ishirini na tisa, na miaka yote hiyo alikuwa na nyota moja nyekundu aliyoifuatilia kama mtu anavyomfuatilia ndugu mlevi. Si nyota ya kutulia. Huvimba ikanywea, ikavimba ikanywea, kama kifua cha aliyelala, na pumzi moja huichukua miezi kumi na moja. Ikiwa katika siku zake nzuri utaiona kwa macho bila taabu. Ikififia, hupotea hata ukaapa haikuwahi kuwapo. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kupanda paani, kuilinganisha na nyota za jirani zisizobadilika, hii imeizidi, ile imezidiwa, kisha kuandika namba moja daftarini. Nyota haina mizani, alipenda kusema. Nyota hupimwa kwa majirani.

Mapafu yalipomlaza, ngazi zikamshinda. Akawa anamtuma mkewe na darubini na ramani. Akirudi, humkuta ameketi kitandani, kalamu tayari: "Ngapi leo?"

"Sikupanda," Bi Cherehani akasema. "Hata siku moja, shemeji, sikupanda."

Alikuwa anaketi kwenye ngazi ya juu kabisa, mlango wa paa umefungwa, miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani kutwa. Aliogopa kwenda mbali, mtu asije akakata roho yeye akikodolea mawingu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na ngazi kumi na saba. Alihesabu mpaka mia, akatunga namba, akashuka. Alianza na tatu. Halafu, kwa kuwa mume alikuwa anakwisha mbele ya macho yake, akaona angalau nyota yake inenepe: tatu na nusu, nne, tano. Miezi mitatu aliongeza kidogo kidogo, kama mtu anayetia sukari kwenye dawa chungu. Jioni ya mwisho alisema sita na nusu. Mwalimu akaandika, akatabasamu, akasema sawasawa kabisa. Alfajiri hakuamka.

Na tangu hapo anauliza. Saa mbili kamili, kutoka chumbani, kwa sauti ileile yenye mkwaruzo. Bi Cherehani humpa namba yoyote inayomjia mdomoni, na kesho yake swali liko palepale. Leo miezi kumi na moja imetimia. Nyota imerudi pale ilipokuwa jioni ile. Alitaka kuitazama mara moja kwa macho yake, ampe mumewe namba ya kweli, alale, naye alale.

Fundi alinyoosha mkono nyuma ya mlango, taa ikazimika.

Yeye mwenyewe alishapanda paa lile mara nyingi na Mwalimu, kwa soga zaidi kuliko kwa nyota, lakini mtu akikaa na mwalimu haachi kuokota mawili matatu. Walipanda watatu, Redio nyuma akijidai anashika ukuta wasianguke. Juu, Fundi aliomba daftari ajue pa kuanzia. Akamulika kurasa za mwisho kwa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, akafunua moja, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Shemeji, hizi ndizo ulizotunga?"

"Zote."

"Ulidhani namba ikipanda, nyota inakuwaje?"

"Si inang'aa?"

Fundi akavua kofia. Akamweleza taratibu, kama anayemwambia mteja kwamba mashine yake haina dawa. Kwa watu wa nyota, hesabu huenda kinyumenyume. Namba ndogo ndiyo mwanga mkubwa. Moja ni nyota ya kumwonyesha mtoto kwa kidole. Sita ni mwisho wa jicho la binadamu. Sita na nusu imeshapotea, ya kusakwa kwa darubini. Na miezi ile nyota ilikuwa inanywea kweli. Mwalimu, aliyejua mwendo wake kuliko mapigo ya moyo wake mwenyewe, alikuwa anazingoja namba hizohizo, kwa mfuatano huohuo.

Bi Cherehani akakaa juu ya mfuniko wa tangi la maji. Alidhani anampelekea mwanga. Kumbe kila jioni alikuwa anasimama kando ya kitanda kile na kumwambia mumewe, kwa sauti tamu, kwamba inazimika.

"Basi hukumdanganya," Redio akanong'ona.

"Na mimi namba hizo nani aliniambia?"

Fundi alihangaika na darubini, akaipata, akamwachia. Nukta nyekundu, ndogo kama tundu la sindano kwenye kitambaa cheusi. Jirani yake mmoja aliandikwa sita kwenye ramani ya nyota, mwingine saba. Bi Cherehani alitazama mpaka machozi yakamkauka. Kwa mwanga, nyota ilikuwa katikati yao hasa.

Chini, chumbani, mtu akakohoa. Redio akamkamata mumewe mkono.

"Ngapi leo?"

Bi Cherehani akainama kwenye tundu la ngazi. "Sita na nusu," akasema. "Nimeiona mwenyewe, mume wangu. Inapotea. Lakini wewe ulijua."

Walisubiri. Chaga za kitanda zikalia mara moja, kama za mtu anayegeukia ukutani. Kisha kimya, na kimya kile kikaendelea.

Waliposhuka, alisimama mlangoni mwa chumba. Shuka lilikuwa limenyooka kama alivyolitandika asubuhi. Miezi kumi na moja aliiogopa sauti ile. Lakini tangu aolewe hakuwahi kuisikia nyumba hii bila Mwalimu ndani yake. Mguu ukakataa kuvuka.

Redio, ambaye siku nyingine yoyote angekuwa ameshafika nyumba ya nne na habari hizi, alimshika kiganja na hakukiachia.

"Humo usiingie sasa hivi, dada," akasema. "Wali utakuwa umeshika chini kidogo, lakini upo. Twende kwetu ukae, ule."