Dakika Ishirini Bila Cherehani

Mdomo wangu hauna breki, na hilo si siri. Ndio ulionifukuzisha kazi ya mapokezi. Mteja mmoja mkubwa alikuja juu, akadai amepiga simu mara tano na mimi sikupokea hata moja. Nikamgeuzia ile simu ya mezani nikamwonyesha orodha ya waliopiga: namba yake haikuwepo. Nikamwambia, "Mzee, hapo umedanganya." Na kweli alikuwa amedanganya. Lakini kabla ya saa kumi nilishapewa barua, eti nimekosa lugha ya huduma.

Ndipo nikarudi kwa mama. Mama yangu ni fundi cherehani na sebule yake ndiyo karakana. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na chini kuna vipande vya nguo kiasi kwamba ukivua viatu unatoka na uzi vidoleni. Mimi nilipewa kona kati ya kabati na mlango wa jikoni, na meza iliyokuwa ya televisheni kabla televisheni haijafa. Nikaweka kompyuta yangu hapo nikaita ofisi.

Kazi yenyewe nilielezwa na mtu niliyekuwa naye mapokezi. Kuna kampuni inalipa watu kujaribu tovuti ukiwa nyumbani kwako. Wanakutumia tovuti ya mtu na kazi ya kufanya humo: nunua viatu, tafuta chumba cha kulala wageni. Wakati unahangaika, kompyuta inarekodi unachobonyeza pamoja na sauti yako, kwa sababu sharti kubwa ni useme kwa sauti kila kinachokupita kichwani. Dakika ishirini. Mwenye tovuti akishasikiliza anakupa nyota, moja hadi tano. Ukipata nyota nzuri malipo yanaingia kwenye simu na kazi nyingine zinakuja. Ukipata chini ya tatu mara tatu, akaunti inafungwa na hurudi tena.

Nikasema moyoni, kulipwa kwa kuongea? Mimi? Nilicheka peke yangu pale konani mpaka mama akageuka.

Shida ikawa cherehani. Ikilia, kwenye rekodi inasikika kama trekta. Mama akakubali kuizima kila nikijaribu. Nataka mjue hilo si jambo dogo. Ana sare za shule rundo zima, wazazi wanapiga simu asubuhi na jioni, halafu anazima mashine na kukaa anashona vifungo kwa mkono, kimya, dakika ishirini, kwa ajili yangu.

Jaribio la kwanza lilikuwa duka la viatu. Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilikuwa nimeapa kwamba mdomo hautaniponza mara ya pili. Nikatengeneza sauti ya mapokezi, ile tamu. "Ukurasa ni mzuri sana. Rangi zinavutia. Hongereni kwa kazi nzuri." Nilizunguka dakika sita nzima natafuta pa kuchagua namba ya kiatu, sipaoni, na ninachosema ni, "Samahani, labda ni mimi tu sijaangalia vizuri." Nikapata nyota mbili. Chini yake wameandika: "Mjaribu anasifia tu. Hatujui anafikiri nini."

La pili lilikuwa nyumba ya wageni. Tangazo likaruka katikati ya ukurasa likafunika bei, halikubali kufungwa. Mimi huyu, niliyemwambia mteja mkubwa kwamba ni mwongo, nikasema, "Tangazo limekuja ghafla kidogo, lakini limependeza." Nyota mbili tena. Sasa ilibaki moja tu nifungiwe mlango.

Kaka yangu akapata habari. Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi, na sina ubaya naye, ila anawapanga watu kama anavyopanga mifuko ya saruji. Alikuja Jumatatu na koti la dukani, la bluu, jina la duka limeandikwa kifuani. Nikalivaa, likanifika chini ya magoti.

"Mdogo wangu, kuongea na kompyuta si kazi," akasema. "Njoo ukae kaunta, nikuone. Mama, mpindie hili koti. Jumapili nakuja. Kama hiyo kompyuta bado inamtaka, sawa, simlazimishi. Kama haimtaki, Jumatatu anaanza."

Akachukua pini kwenye kijaluba cha mama, akabana pindo mwenyewe pale alipoona panafaa, akaondoka. Mama akalikunja koti akalitia kwenye mfuko kama kazi nyingine yoyote. Hilo liliniuma kuliko maneno ya kaka. Nilijua dukani ningeishi vipi: "Mdogo wangu, leta hiki. Mdogo wangu, umechelewa. Mdogo wangu, hicho kinywa." Mpaka nizeeke.

Jumatano, chakula kikiwa bado mezani, mama akaniuliza, "Wewe pale konani unaongea na nani?"

"Na wenye tovuti, mama."

"Unawaogopa?"

"Siwaogopi. Nawaheshimu."

"Wamekuita uwaheshimu, au uwaambie nguo inabana wapi?" Akasukuma sahani pembeni. "Nazima mashine dakika ishirini nakusikiliza unasema nzuri sana, nzuri sana. Mteja akija kuchukua gauni, akalishika mkononi akasema ni zuri sana, mimi simpi. Namwambia vaa. Kaa kitini. Inama kama unaokota ufunguo. Inua mikono. Likimbana kwapani atasema mwenyewe, tena hatasema polepole. Hapo ndipo ninajua pa kufumua. Sasa wewe hata hujavaa, unanisifia kitambaa."

Nikakusanya sahani nikaenda kuziosha, jambo ambalo nyumbani kwetu hutokea mara chache.

Alhamisi likaja jaribio la tatu. Lilikuwa la kliniki ya macho. Kazi: mwandikishie mzazi wako miadi ya kumwona daktari. Mama akazima cherehani. Nikavuta stuli, nikabonyeza kuanza kurekodi, nikajiambia, leo navaa.

Walianza na mwaka wa kuzaliwa. Nikataka kuuandika, kisanduku kikagoma. Lazima uchague kwenye orodha, na orodha inaanzia mwaka huu, inarudi nyuma mmoja mmoja. "Haya," nikasema, bado kwa adabu, "namwandikishia mzazi, na mnanianzishia na watoto wa mwaka huu. Nashuka. Bado nashuka. Huyu mtu akifika kwenye mwaka wake macho yatakuwa yameshapona."

Nikasikia mama anaguna kwa kicheko nyuma yangu.

Nikajaza jina, anwani, simu na mengine matatu. Yakatokea maandishi mekundu: taarifa si sahihi. Ipi? Hawasemi. "Ipi kati ya hizi saba?" nikauliza. "Nirudie zote? Ningekuwa mapokezi nikamwambia mgonjwa 'umekosea' halafu nikanyamaza, ningefukuzwa kazi. Nawaambia najua." Nikarudia zote. Ilikuwa nafasi moja tu katikati ya namba ya simu. Nikashuka chini kubonyeza Endelea.

Fomu yote ikawa tupu.

Nikasogeza uso karibu na kioo. Palikuwa na vitufe viwili vimekaa bega kwa bega, rangi moja ya kijivu, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kimoja Endelea. Kingine Futa Yote.

Hapo kichwa kikapata moto. Nilisahau rekodi, nilisahau nyota, nilisahau koti. "Nyie," nikasema, "nani aliwakalisha hivi vitufe pamoja? Anayekuja hapa ni mtu asiyeona vizuri. Ndiyo maana anakuja. Mimi macho yangu mazima nimefuta kila kitu, je, yeye? Atajaza mara ya kwanza, atafuta. Atajaza mara ya pili, atafuta. Mara ya tatu ataona aibu kumwita mwanawe amsaidie, atazima simu na kwenda kulala, na macho yake yataendelea kupotea. Halafu nyie mtakaa hapo mseme wazee hawapendi kuja hospitali. Futa Yote ya nini? Tangu lini mtu mzima akajaza fomu nzima kisha akatamani ifutike?"

"Waulize na miwani ya kuvionea hivyo vitufe wameiweka wapi," akasema mama.

"Na miwani mmeiweka wapi?" nikasema mimi, nimeshawaka.

Nikajaza tena yote, nimenuna, nikiwaambia kila hatua pa kufumua: mwaka uandikwe kwa namba, kosa lionyeshwe lilipo, Endelea kiwe kikubwa, na kile kingine kiondoke kabisa. Miadi ikakubali. Nikabonyeza kutuma.

Ndipo nikakumbuka. Sharti namba nne: mtu mwingine asisikike kwenye rekodi. Sharti namba saba: lugha ya staha. Nikajaribu kuirudisha, hairudi. Nikageuka nikamtazama mama na mama akanitazama.

"Nimeharibu?" akauliza.

"Hapana, mama. Tumeharibu wote."

Ijumaa kimya. Jumamosi kimya. Kila nikipita karibu na ule mfuko wa koti namwuliza mama kama amemaliza kulipinda, ananijibu, "Kesho." Ijumaa kesho, Jumamosi kesho.  Niliona ananionea huruma tu, anasubiri siku ifike ndipo alimalize mbele ya kaka.

Jumapili kaka akaja mapema, akakaa kwenye meza ya kukatia kama mwenye nyumba, akamiminiwa chai. "Haya," akasema, "kompyuta inasemaje?" Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie kweli, kwamba haijasema, wakati simu yangu ilipolia kwenye kona. Nikaenda kuitazama. Nikaisoma mara moja. Nikaisoma tena. Nikakaa kwenye stuli.

"Wamekufungia," akasema kaka, na sauti yake ilikuwa ya upole, nakiri.

Nikampa simu. "Soma. Kwa sauti, mama asikie."

Akavaa miwani yake. "'Nyota tano,'" akasoma. "'Tulisikiliza rekodi hii wote tukiwa mezani, kisha tukairudia. Kwa miezi mitano tulikuwa tunajiuliza kwa nini wagonjwa wanaacha fomu katikati, na hakuna aliyetuambia. Tunabadilisha ukurasa mzima. Tunaomba mjaribu huyuhuyu autazame tena wiki ijayo kabla haujafunguliwa. Na yule mama aliyeuliza kuhusu miwani, kama inawezekana, naye awepo. Atalipwa.'"

Kaka akaweka simu chini taratibu. Akavua miwani.

"Kwa hiyo hawa wanakulipa uwafokee?"

"Ndiyo."

"Na mimi miaka yote hii ulikuwa unanifokea bure."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilicheka na machozi yalinitoka, siwafichi. Ule mdomo uliokuwa aibu ya ukoo, uliofanya mashangazi wanong'one juu yangu kwenye kila harusi, ulikuwa umekalishwa mezani na watu nisiowajua wakausikiliza mara mbili. Nilijiona mrefu. Ningesimama wakati ule ningegonga dari.

Kaka akainuka. Akanishika bega, akasema, "Hongera, mdogo wangu," na alimaanisha. "Basi nipeni koti langu, nitampa mwingine."

Nikaenda kulitoa kwenye mfuko. Nikalikunjua ili nifumue pale mama alipokuwa ameshaanza kupinda, kwa sababu huyo mwingine huenda ni mrefu. Hapakuwa na pindo la kufumua. Pini za kaka zilikuwa palepale alipozibana Jumatatu, na hapakuwa na mshono hata mmoja. Mama yangu, ambaye hajawahi kuchelewesha sare ya mtoto wa mtu hata kwa siku moja, alikuwa amekaa na koti hilo wiki nzima.

"Mama," nikasema, "hukulipinda?"

Alikuwa ameshajiinamia kwenye cherehani, anatia uzi kwenye sindano. Hakugeuka.

"Ningelipinda la nini?" akasema. "Nilikuwa nakusikia Alhamisi. Mimi uzi wangu siutupi bure."